Funga mlango, usifunge hewa: banda la kuku wakati wa usiku

Swali hili haliishi: mlango wa banda la kuku ufungwe usiku au uachwe wazi? Mtu ameanza na kuku kumi wa kienyeji. Jirani mmoja anamwambia banda lifungwe kabisa, mwingine anamwambia kuku watakosa hewa, wa tatu anamwambia wake wanalala mwembeni miaka yote na hawana neno. (Huyo wa tatu hasemi wanapungua wangapi kwa mwaka.)

Jibu ni hili: mlango unafungwa kila usiku, bila kuruka hata mmoja. Kinachoachwa wazi ni hewa, na hewa haitakiwi kupita mlangoni; ina njia yake juu ya ukuta, yenye wavu. Wengi wanaoacha mlango wazi "ili kuku wapumue" wana banda lisilo na madirisha, na mlango wanauadhibu kwa kosa la ukuta.

Kuku haoni gizani. Giza likishaingia hubaki pale alipo, hata ukimgusa mbawa hakimbii, ananung'unika tu. Ndiyo maana kicheche au kanu akishapenya ndani anaweza kuua kuku kadhaa kwa usiku mmoja hata kama anakula mmoja. Wengine wa usiku ni fungo, paka shume, mbwa wazururaji, nyegere, chatu, panya wanaobeba vifaranga, na mwizi mwenye gunia. Mwewe na kenge ni wa mchana, na nguchiro wengi pia. Hao mlango wa usiku hauwahusu, ingawa nguchiro mwenye mkia mweupe hutembea usiku.

Hali moja tu inaruhusu mlango wa kuku kubaki wazi usiku: banda liwe ndani ya uwanja uliozungushiwa wavu imara pande zote, juu pia pamefunikwa kwa wavu, na chini wavu umefukiwa. Hapo mlango wako wa kweli ni wa ule uwanja, na huo nao unafungwa.

Vipimo vilivyo hapa chini ni vya banda la mita 2 kwa 2.5, linalotosha kuku wakubwa 20. Likiwa dogo au kubwa zaidi, hesabu kuku wanne kwa kila mita mraba.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Mbao za 2 kwa 2, futi 12, vipande vitatu (fremu ya mlango na mihimili ya kukingama)
- Wavu wa chuma uliochomelewa, matundu ya nusu inchi. Wavu mwembamba wa kuku wenye matundu ya pembe sita unazuia kuku asitoke; adui anaupinda au kuuchana, na sehemu za pwani unaliwa na kutu upesi
- Bati tambarare la kufunika sentimita 30 za chini ya mlango
- Bawaba tatu za inchi 4, zenye boliti na nati
- Makomeo mawili, moja liwe na tundu la kufuli, na kufuli lenyewe
- Misumari ya U ya kushikia wavu, pamoja na vipande vyembamba vya mbao vya kuugandamiza
- Saruji ndoo moja ya lita 20, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo tatu
- Fito laini za kulalia kuku, unene wa sentimita 4 hadi 5, urefu wa mita 2, vipande vitatu
- Turubai au magunia yaliyoshonwa pamoja, kwa mikoa ya baridi
- Tochi, na majivu ya kutosha

HATUA

1. Tafuta mwanga unaovuja. Ingia bandani saa sita mchana, mtu akufungie mlango kwa nje, kisha kaa kimya dakika mbili macho yazoee. Kila mahali unapoona mwanga pasipo na wavu ni mlango wa mtu mwingine. Angalia hasa pale mawimbi ya bati yanapokutana na ukuta, kwenye kona za chini, na chini ya mlango. Tundu linalopitisha vidole viwili vya mkono lizibwe siku hiyohiyo: juu kwa wavu, chini kwa saruji. Usizibe kwa matambara au nailoni. Panya huvifanya kiota. Banda la udongo likaguliwe upya kila baada ya mvua.

2. Tengeneza kizingiti. Hapa ndipo mabanda mengi yanapofeli. Watu wananunua kufuli zuri, halafu chini ya mlango pana upenyo wa kupitisha paka, au pana udongo mtupu ambao nyegere au mbwa anaufukua kwa dakika chache. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 na upana wa 15 kati ya miimo miwili, jaza zege (saruji 1, mchanga 2, kokoto 3), na kizingiti kisimame sentimita 10 juu ya ardhi. Hicho kimo pia kinazuia maranda ya mbao yaliyotandazwa sakafuni yasimwagike nje. Zege likibaki, liweke kwenye kona za msingi. Kama kuta ni za mbao au mabanzi bila msingi, zungusha kipande cha wavu chini: sentimita 30 kiingie ardhini, kisha kilaze kuelekea nje sentimita 30 nyingine na ukifukie. Mnyama huanza kuchimba palepale ukuta unapoanzia; akikuta wavu hapo, hajui kwamba angerudi nyuma hatua moja.

3. Unda mlango. Kimo sentimita 180, upana 75, ili uingie na beleshi bila kuinama. Vipande vya wima viwili, vya kulala vitatu: juu, kati na chini. Katika kila nusu weka mhimili wa kukingama unaoanzia kona ya chini upande wa bawaba na kupanda hadi kona ya juu upande wa komeo. Ukiugeuza, mlango utainama baada ya miezi michache na kuanza kukwaruza kizingiti, kisha utazoea kuusukuma kwa mguu bila kufunga komeo. Nusu ya juu funika kwa wavu, nusu ya chini kwa mbao, na sentimita 30 za chini kabisa weka bati juu ya mbao hizo, kwa sababu panya hutafuna kuanzia chini. Wavu upigwe kwa ndani na ugandamizwe kwa vipande vya mbao. Msumari peke yake hung'oka ukivutwa.

Mlango ufunguke kwa nje, na ukifungwa uegemee miimo na kizingiti bila nafasi inayozidi sentimita moja. Kwa kuwa bawaba zitaonekana nje, zifunge kwa boliti zinazopita mbao nzima, nati ziwe ndani. Skurubu mwizi anazifungua kwa bisibisi huku kufuli lako likining'inia salama.

4. Weka makomeo mawili, juu na chini. Komeo moja la katikati linaacha kona ya chini ikinepa, na kanu anapenya kwenye nafasi ambayo ungeapa haipitishi hata paka. Kwa banda lenye kijimlango cha kuku (upana sentimita 30, kimo 35), nacho kiwe na pini. Kile cha kupandisha na kushusha ni kizuri, ila kisipopigwa pini mnyama anaweza kukiinua kwa pua. Kamba, waya wa kuzungusha na jiwe la kuegemeza si makomeo.

5. Rekebisha hewa kabla hujaanza kufunga. Pande mbili ndefu za banda ziwe na wavu sehemu ya juu, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Kwenye joto, kama Dar es Salaam, Mombasa au Morogoro, ukuta mzima uishie sentimita 60 hadi 90 kutoka sakafuni, kuanzia hapo hadi paa uwe wavu mtupu. Kwenye baridi, kama Njombe, Mbeya au Limuru, acha wazi angalau sentimita 30 za juu, na sehemu iliyobaki ifunikwe kwa turubai. Turubai lifungwe chini na livutwe kwenda juu, si kinyume chake, maana uwazi unaotakiwa ni ule wa juu ya vichwa vya kuku, si wa miguuni.

Fito za kulalia ziwe kimo cha sentimita 60 hadi 90, zote usawa mmoja ili wasigombee ya juu, zikipishana sentimita 30 hadi 40. Kila kuku anahitaji sentimita 20 hadi 25 za ufito, kwa hiyo fito tatu za mita 2 zinatosha kuku 20 na nafasi inabaki. La kukumbuka zaidi: ufito ukae mbali na wavu angalau sentimita 30. Kuku aliyelala ameegemea wavu huvutwa kichwa au mguu kutoka nje, mlango ukiwa umefungwa vizuri kabisa.

6. Fuata kuku, usifuate saa. Kuku hurudi wenyewe mwanga unapofifia. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo jioni hivi kutegemea mwezi. Kigoma linachelewa kwa karibu dakika 40 ingawa saa za ukutani ni zilezile. Siku ya mawingu wanaingia mapema. Dakika 30 kabla ya magharibi mwaga konzi chache za mahindi ya kuparaza au pumba ndani ya banda, ukiita kwa sauti ileile kila siku. Wakishapanda fito wote, funga. Ukifunga mapema mno, wachelewaji wanabaki nje na kutafuta mti. Ukichelewa nusu saa baada ya giza, unaweza kumfungia adui ndani pamoja na kuku.

7. Hesabu. Kuku waliotulia kwenye fito wanahesabika kwa sekunde chache. Andika idadi kwa chaki nyuma ya mlango, na ubadilishe ukichinja au ukiuza. Akipungua mmoja, mtafute palepale: mtetea anayekaribia kuatamia hujificha kichakani kwenye mayai yake, na huko ndiko kicheche anakomkuta.

8. Mulika ndani kabla ya kufunga. Kona zote, ndani ya viota, juu ya boriti chini ya bati. Nyoka hupenda viota kwa ajili ya mayai na vifaranga. Usiingize mkono kwenye kiota usichokiona ndani. Toa mayai yaliyobaki na uondoe chakula. Kuku hali gizani, chakula cha usiku ni cha panya, na panya ndiye anayemwita nyoka. Maji unaweza kuyaacha.

9. Funga, kisha jaribu. Kijimlango kwanza, halafu mlango mkubwa, komeo la chini, la juu, kufuli. Shika kona ya chini uvute kwa nguvu. Ikinepa, komeo halijaingia. Ufunguo ukae mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua, tena penye tochi. Sababu utaiona mwishoni, kwenye sehemu ya siafu.

10. Asubuhi fungua kukishapambazuka vizuri, kama saa 12 na nusu au saa 1. Alfajiri yenye ukungu bado ni ya wanyama. Kwa wanaotaga unaweza kufungua kijimlango saa 4, kwani mayai mengi hutagwa kabla ya hapo na hutayaokota vichakani; ila wawe na maji na chakula ndani, na banda lisiwe la joto, la sivyo wataanza kudonoana. Kabla hujafungua, chuchumaa mlangoni na uvute pumzi. Harufu ikikuchoma macho, ndiyo waliyolala nayo. Tazama pia mavi chini ya fito: ya kijani au ya majimaji ni dalili ya ugonjwa ambayo uwanjani usingeiona.

MAKOSA YANAYOUA KUKU NDANI YA BANDA LILILOFUNGWA

Jiko la mkaa. Wanaolea vifaranga hufunga kila upenyo, wanaweka jiko katikati na kwenda kulala. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Asubuhi vifaranga wote wamelala chali na banda lina joto zuri tu. Sehemu ya juu ibaki wazi hata kama nje kuna baridi, jiko lishike moto vizuri nje kabla ya kuingizwa, na lizungushiwe kinga wasiliguse. Wewe mwenyewe usilale humo.

Kuziba banda kwa nailoni msimu wa baridi. Kuku mzima mwenye manyoya kamili anastahimili baridi; asichostahimili ni unyevu na upepo unaompiga moja kwa moja. Ukiona matone chini ya bati asubuhi, umefunga hewa. Fungua juu, badilisha maranda yaliyolowa, na uyarudishe hadi kina cha sentimita 5 hadi 10.

Kujaza kupita kiasi. Banda la kuku 20 likilaza 35, usiku wa joto la pwani utawakuta wametanua mabawa, midomo wazi. Hapo wengi husema "kumbe mlango usifungwe". Punguza kuku au ongeza wavu.

SHIDA NA TIBA ZAKE

Kuku hawataki kuingia. Kama ni wageni, wafungie ndani siku 3 hadi 7 mfululizo na maji na chakula, ndipo uwaachie jioni, saa moja tu kabla ya magharibi. Waliozoea mti usiwakimbize mchana. Subiri giza, wachukue mmoja mmoja kwa tochi iliyofunikwa kitambaa, uwaweke kwenye ufito. Wengi huzoea ndani ya wiki mbili, na mkaidi mmoja hakosekani: mpunguze mabawa, kata manyoya marefu ya bawa moja tu. Kuku waliokuwa wakiingia vizuri wakikataa ghafla, usiwalaumu. Mulika banda: mara nyingi kuna utitiri kwenye nyufa za fito, au nyoka.

Wanalala ndani ya viota. Viota viko juu kuliko fito. Shusha viota, au vizibe jioni.

Bata hawaingii. Hiyo ndiyo tabia yao; subiri kuku wapande, kisha waswage bata taratibu wakiwa kundi. Kanga nao hupenda miti, wafunze tangu wadogo.

Umekuta kuku hana kichwa na amebanwa kwenye wavu. Amevutwa kutoka nje. Sogeza fito, weka wavu wa nusu inchi.

Umekuta wengi wamekufa, majeraha shingoni, hawajaliwa sana. Aina ya kicheche au kanu. Tafuta tundu la juu kabla ya la chini, kanu ni mpandaji. Manyoya yametapakaa na ardhi imefukuliwa: mbwa au nyegere, rudi hatua ya 2.

Kuku mmoja hayupo, hakuna unyoya wala damu. Kama kufuli limeguswa au bati la paa limelegea, ni mtu. Kama kila kitu kimefungwa, mulika kona kwa uangalifu: chatu akishameza huvimba na kushindwa kutokea alikoingilia. Ita watu wanaojua, usimpige peke yako.

Vifaranga wanapungua wawili watatu kila usiku. Panya. Walaze pamoja na mama yao ndani ya boksi au tenga lililofunikwa wavu wa nusu inchi, likiwa juu ya meza.

Komeo limekwama kwa kutu. Tone la oili kila mwezi, pwani kila wiki mbili.

Unarudi nyumbani usiku. Mpe kazi hii mtu mmoja mwenye jina, si "yeyote atakayekuwepo". Milango ya kujifunga yenyewe kwa mwanga au saa ipo, lakini haihesabu kuku na haioni nyoka, na umeme ukikatika bila betri inabaki ilivyokuwa.

Siafu wamevamia. Huu ndio usiku pekee ambao mlango uliofungwa ni hatari, kwa sababu kuku hana pa kukimbilia na siafu wanaingia puani na machoni. Ukisikia kelele zisizokoma, vaa viatu vya mpira, chukua tochi na ufunguo, fungua milango yote na uwatoe kwa mikono hadi mahali pengine pa kufunga, hata jikoni. Usiwaache nje gizani. Anza na vifaranga na mtetea anayeatamia, kwani yeye hataondoka kwenye mayai. Rudi na majivu ya moto, umwage kwenye msafara wao na kuzunguka banda, ukiwa mwangalifu na maranda na mbao. Banda lililoinuliwa juu ya nguzo, kila mguu uwe ndani ya kopo lenye oili chafu, na majani yanayogusa ukuta yafyekwe, kwa sababu siafu watapita kwenye jani moja. Kuku warudishwe msafara ukishapita kabisa na maranda yakishabadilishwa, ambayo kwa kawaida ni kesho yake jioni.